Ada ya kupitisha treni kwenye reli ya mtu mwingine hukokotolewa vipi, na nani humdhibiti mwenye njia?

#1 MpakaniMalaba
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni wakala wa forodha hapa mpakani Malaba, upande wa Uganda, na kazi yangu imenizoesha kusoma ankara za usafirishaji hadi mstari wa mwisho. Katika ankara ya lori naweza kutenganisha mafuta, posho ya dereva na ada za barabara. Katika ankara ya reli naona bei moja tu kwa kontena, bila kuelezwa ni kiasi gani kimelipia injini, ni kiasi gani kimelipia behewa, na ni kiasi gani kimelipia njia yenyewe. Zamani jambo hili halikuwa na uzito kwa sababu mwenye reli na mwenye treni alikuwa mmoja. Lakini mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala ulitiwa saini Oktoba 2024 na kampuni ya Kituruki ya Yapi Merkezi, kwa takriban yuro bilioni 2.7, na tayari wateja wangu wananiuliza kama siku moja wataweza kukodi treni ya kampuni binafsi ipite humo.

Dai langu ni kwamba kila anayepitisha treni alipe kwa tani na kwa kilomita, na kila tani ilipiwe sawa. Mwenye hesabu nyingine aieleze, na atuambie pia ni nani atakayemzuia mwenye reli asipandishe bei apendavyo.

#2 FundiNjia
Nimefanya kazi katika gengi ya njia upande wa Tororo mpaka nikastaafu, na naomba nikupinge hapo unaposema kila tani ni sawa. Reli haihisi uzito wa treni nzima kwa mara moja. Inahisi kile kinachoshuka kupitia kila ekseli, kwa mwendo gani, na juu ya springi za namna gani. Mabehewa mawili yenye uzito mmoja yanaweza kuumiza njia kwa viwango tofauti kabisa kama moja lina springi zilizochoka, au lina gurudumu lililopata bapa baada ya kuburuzwa likiwa limefungwa breki, kwa kuwa gurudumu la namna hiyo huipiga reli kila linapozunguka, likalegeza viungo, likasaga kokoto na hatimaye kupasua mataruma. Kwenye kona kali uharibifu huongezeka, kwa sababu ukingo wa gurudumu hula ubavu wa reli ya nje.

Waingereza wamelitia jambo hili katika hesabu. Ada yao ya matumizi ya njia hutofautiana kwa aina ya injini na aina ya behewa, na kanuni yake huangalia uzito wa kila ekseli, mwendo, uzito usiobebwa na springi, na ubora wa bogi, yaani fremu yenye magurudumu iliyo chini ya behewa. Mwenye behewa lenye bogi zisizoumiza njia hulipa kidogo kwa kila maili, kwa hiyo anapata sababu ya kununua behewa bora. Ukitoza tani zote sawa, anayetunza mabehewa yake atakuwa anamlipia yule asiyeyatunza.

#3 DerevaNamanve
Mzee Fundi amesema vyema, lakini naona mnaanzia mbali. Huko Ulaya kila mwenye treni hulipa gharama yote ya reli, ya kuijenga na ya kuitengeneza, na ndiyo maana reli zao zinadumu. Nasi tuchukue mkopo wote wa ujenzi, tuugawe kwa idadi ya treni zitakazopita, na kila mmoja alipe sehemu yake. Mimi nina malori, na sipendi kusikia kwamba mshindani wangu atapewa njia kwa bei ya bure.

#4 WakiliJinja
Ndugu Dereva, sheria ya Ulaya inasema karibu kinyume cha hayo. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya namba 34 ya mwaka 2012, katika kifungu cha 31, yanaweka msingi kwamba ada ya huduma za chini kabisa za kutumia njia iwe ile gharama inayosababishwa moja kwa moja na kupita kwa treni husika. Reli ambayo ingekuwepo, mlinzi ambaye angelipwa na daraja ambalo lingepigwa rangi hata kama treni hiyo isingepita, havihesabiwi katika kiwango hicho cha msingi. Pengo hujazwa na serikali, au na nyongeza ambazo kifungu cha 32 kinaruhusu ikiwa tu kundi la soko linalotozwa linaweza kuzibeba. Uswidi, iliyotenganisha mwenye njia na mwenye treni tangu 1988, kwa muda mrefu ilitoza ada ndogo mno ikitegemea bajeti ya taifa, wakati Ufaransa imekuwa ikitoza ada kubwa kwenye njia zake za mwendokasi. Zote mbili zimefanya hivyo chini ya sheria za Umoja mmoja.

#5 Nakato_Hesabu
Asante, Wakili. Mimi ni mhasibu, na ningependa tuweke tarakimu mezani ili tuone kinachobishaniwa. Tarakimu hizi ni za mfano tu. Hazitoki katika mkataba wowote.

Tuseme njia ina urefu wa kilomita 250. Ada ina sehemu mbili: shilingi 5,000 kwa kila kilomita ambayo treni inapita, iwe nzito au nyepesi, na shilingi 10 kwa kila tani ya uzito wote, yaani mzigo pamoja na mabehewa na injini, kwa kila kilomita. Treni ina uzito wa tani 400 ikiwa tupu, na inabeba mzigo wa tani 600. Safari ya kuja Kampala italipa 1,250,000 kwa sehemu ya kwanza na 2,500,000 kwa sehemu ya pili, jumla 3,750,000, ambayo ni shilingi 6,250 kwa kila tani ya mzigo. Sasa treni hiyo irudi Malaba tupu, kama mabehewa mengi yanavyorudi kutoka nchi hii inayoagiza bidhaa nzito kuliko inazouza. Italipa 1,250,000 na 1,000,000, jumla 2,250,000. Kwenda na kurudi ni 6,000,000, na mzigo ni uleule wa tani 600, kwa hiyo kila tani sasa imebeba shilingi 10,000.

Hivyo hata kabla hatujagusa mkopo wa ujenzi, swali la nani analipia behewa tupu limepandisha gharama kwa asilimia 60. Ndugu wa Malaba, hesabu yako ya tani zote sawa haijasema kama unahesabu tani za mzigo au tani za treni nzima, na hapo ndipo penye fedha.

#6 KahawaMbale
Nnyabo Nakato, umegusa kidonda changu. Mimi ni mfanyabiashara wa kahawa, na mzigo wangu unashuka kuelekea bahari, upande uleule ambao mabehewa yanarudi matupu. Kama treni ingerudi tupu kwa vyovyote, basi kahawa yangu inaongeza tu uzito wake, na kwa hesabu yako ningepaswa kulipia ile shilingi 10 ya tani bila kubebeshwa ile 5,000 ya kilomita. Hata hivyo nilipopeleka mzigo kwa reli, msafirishaji mmoja alinitoza karibu sawa na anayeleta bidhaa kutoka nje, na nilipoomba mchanganuo niliambiwa kwamba hiyo ndiyo bei.

#7 MpakaniMalaba
Dada Nakato, nilikusudia tani za mzigo, kwa sababu hizo ndizo zilizoandikwa katika hati ninazoshughulikia. Lakini Kahawa anaomba upendeleo. Mwenye kuleta mbolea naye atasema mbolea inamsaidia mkulima, ashushiwe. Mwenye simu na vipuri ataachiwa mzigo wote.

#8 MwanafunziKyambogo
Hilo ulilolitaja, ndugu wa Malaba, lina nadharia yake kamili. Mwingereza Frank Ramsey alionyesha mwaka 1927, akizungumzia kodi, kwamba ikiwa ni lazima ukusanye fedha zaidi ya gharama ya ziada, hasara kwa jamii huwa ndogo ukiongeza zaidi pale ambapo mnunuzi hapunguzi sana matumizi yake bei inapopanda. Wachumi wa reli waliichukua kanuni hiyo. Kontena la simu ambalo lingesafiri hata bei ikiongezeka kidogo hubebeshwa nyongeza kubwa. Saruji na mbolea, ambazo zingehamia barabarani au zisingesafiri kabisa, hubebeshwa kidogo. Kinachoitwa hapa upendeleo ndicho kinachowawezesha wote kubaki kwenye reli na kuchangia gharama zisizobadilika.

#9 MzeeStesheni
Kijana, nadharia hiyo wazee wetu waliionja kabla ya vyuo kuifundisha. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901 na Kampala mwaka 1931, na tangu mwanzo nauli zilipangwa kwa madaraja ya bidhaa. Katika miaka ya 1920 mahindi ya walowezi wa nyanda za juu za Kenya yalisafirishwa kwa nauli ndogo mno, na pamba ya Uganda ikabebeshwa zaidi, kwa hoja hiyohiyo kwamba pamba ina uwezo wa kulipa. Aliyeamua nani ana uwezo alikuwa karibu na walowezi kuliko alivyokuwa karibu na mkulima wa Teso au wa Busoga. Sipingi kwamba hesabu inaweza kuwa sahihi, lakini nataka kujua kalamu iko mkononi mwa nani.

Na mnasahau kwamba tuliwahi kuwa na ada ya njia hapa. Rift Valley Railways walipopewa reli za Kenya na Uganda kwa miaka 25 kuanzia 2006, walitakiwa kulipa kila serikali asilimia 11.1 ya mapato yao ghafi.

#10 WakiliJinja
Mzee wangu, historia ya pamba naipokea kwa mikono miwili, lakini asilimia 11.1 ilikuwa malipo ya kukodishiwa biashara nzima. Aliyekodishwa alitakiwa pia kuitunza njia mwenyewe, na hakukuwa na mwendeshaji wa pili aliyepita juu yake. Tofauti hii ina matokeo makubwa. Malipo yanayofuata mapato hushuka mzigo unapopungua, wakati taruma linaoza kwa mvua ileile. Na aliyekodishwa akibanwa na fedha, kitu cha kwanza anachoweza kuahirisha bila mteja kuona ni matengenezo ya njia. Mkataba ule ulivunjika kabla ya kufika hata nusu ya muda wake, na shirika letu la reli likarudishiwa kazi mwaka 2018.

#11 FundiNjia
Hapo kwenye kuahirisha matengenezo Wakili amesema jambo ambalo nimeliona kwa macho. Kokoto ikishajaa matope haipitishi maji, taruma linaanza kucheza, na badala ya kutengeneza unaweka kibao cha kupunguza mwendo. Treni inapita polepole, mwenye mzigo analalamika, mapato yanashuka, na ile asilimia inashuka pamoja nayo. Ada inayokusanywa kwa ajili ya njia lazima ifike kwenye njia. Ikiingia katika kapu la mapato ya jumla, gengi itaendelea kuomba koleo.

#12 DerevaNamanve
Ssebo Wakili, nimekusoma kuhusu Ulaya. Lakini haki iko wapi? Mimi nikinunua dizeli nalipa ushuru ambao kwa kiasi fulani ni malipo yangu ya barabara. Treni ikilipia uchakavu wake tu, na serikali ikalipa daraja na tuta, mimi ninalipia barabara yangu na pia, kupitia kodi, ninalipia reli ya mshindani wangu.

#13 Nakato_Hesabu
Ndugu Dereva, swali lako ni halali, ila linakata pande zote mbili. Lori la mizigo linaloruhusiwa kufika tani 56 katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huchakaza lami kuliko gari dogo kwa kiasi kisicholingana hata kidogo na tofauti ya dizeli wanayochoma. Ushuru wa mafuta humtoza mwenye gari dogo zaidi ya uharibifu wake, na mwenye lori pungufu ya uharibifu wake. Sasa, ikiwa barabara haitozi gharama kamili na reli ikaamriwa kutoza gharama kamili pamoja na mkopo, mzigo utabaki barabarani, reli itakosa treni, na mkopo utalipwa na mwananchi yuleyule. Ndiyo sababu nchi nyingi huweka ada ya reli kwa kuangalia pia kile ambacho barabara inatoza.

Isitoshe, waagizaji wa bidhaa wameshaanza kuchangia. Kwenye makadirio ya forodha kuna tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5. Kenya nayo ina tozo yake ya maendeleo ya reli iliyoanza 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa kwa matumizi ya ndani. Anayetaka kuweka mkopo wote katika ada ya njia aeleze kwanza kwa nini mwagizaji alipishwe mara mbili.

#14 MpakaniMalaba
Tozo hiyo naiona kila siku kwenye hati. Sikuwahi kuihesabu kama malipo ya reli, na nadhani wateja wangu pia hawaihesabu hivyo, kwa sababu anayepitisha mzigo wake kwa lori anailipa vilevile.

Naomba turudi kwenye sehemu ya pili ya swali langu. Kalamu, kama alivyosema Mzee, iko mkononi mwa nani?

#15 MwanafunziKyambogo
Australia wana njia ambayo naiona inafaa kwetu. Shirika linalomiliki njia kuu za mizigo huko hujadiliana na mwendeshaji ndani ya mipaka miwili. Sakafu ni gharama ambayo mwenye njia angeiepuka kama treni za mwendeshaji huyo zisingekuwepo. Akitoza chini yake anapata hasara. Dari ni gharama yote ya kiuchumi ya njia hiyo, pamoja na faida ya wastani juu ya mtaji. Akitoza juu yake anawanyonya. Katika reli za makaa ya mawe za Bonde la Hunter, tume ya ushindani ndiyo inayohakiki kama makusanyo yamevuka dari. Bei yenyewe kwa kawaida ina sehemu mbili, kama zile za dada Nakato: moja ya kuhifadhi nafasi ya treni, nyingine ya tani na kilomita.

#16 KahawaMbale
Kijana, kati ya sakafu na dari kuna nafasi ya kutosha kumpotezea mtu biashara yake yote. Mchimba makaa ana wanasheria na treni zake mwenyewe. Mimi nina magunia. Ninayejadiliana naye ni mwendeshaji wa treni, ambaye naye anajadiliana na mwenye njia, na punguzo lolote atakalopata halina kinachomlazimisha kunifikishia.

#17 WakiliJinja
Kuhusu kalamu, nitoe mfano wa kesi moja ambayo naona kila anayejadili mkopo wetu anapaswa kuijua. Uwanja wa ndege wa Heathrow, London, unamiliki kipande cha reli kinachounganisha uwanja na njia kuu. Treni mpya za umma zilipopangwa kupita hapo, wamiliki walitaka kutoza ada ambayo ingerudisha gharama za kujenga kipande hicho miaka mingi nyuma. Mdhibiti wa reli wa Uingereza alikataa mwaka 2016, na mahakama kuu ikakubaliana naye mwaka 2017. Sheria inaruhusu kurudisha gharama za muda mrefu za ujenzi ikiwa mradi usingeweza kufanyika bila matarajio ya ada hizo, na hilo halikuthibitishwa, kwa kuwa uwanja ulikuwa na njia nyingine ya kujirudishia fedha zake.

Zingatieni kwamba aliyekataa hakuwa waziri, hakuwa mwenye njia na hakuwa mwenye treni. Ana mamlaka ya kudai vitabu vya hesabu, kupitia viwango kwa kipindi cha miaka mitano, kusikiliza rufaa ya mwendeshaji aliyenyimwa nafasi, na uamuzi wake hutolewa hadharani pamoja na sababu. Tanzania wana LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu iliyoundwa kwa sheria ya 2019, ambayo ndiyo iliyotangaza nauli za abiria za reli yao mpya. Sisi kwenye umeme tulishafanya hivyo: bodi ya zamani ya umeme iligawanywa mwaka 2001 kuwa kampuni za uzalishaji, usafirishaji na usambazaji, na mamlaka ya udhibiti ndiyo inayoidhinisha bei inayotozwa kwa kupitisha umeme kwenye nyaya. Kwenye reli, wizara ndiyo inayotunga sera na ndiyo inayolisimamia shirika linalomiliki njia na kuendesha treni.

#18 MzeeStesheni
Basi anayemiliki soko anauza nyanya humohumo, na ndiye anayewapangia wauza nyanya wengine kodi ya meza. Hata akiwa mtu mwema, nani atamwamini?

#19 DerevaNamanve
Mzee, wewe kila uzi unapoanza kuwa mgumu unatuingiza sokoni. Hata hivyo nakubali kwamba mimi mwenyewe nisingenunua injini ya treni chini ya utaratibu huo. Lakini mdhibiti naye hulipwa mshahara na serikali. Kuwa na ofisi tofauti kwenye jengo tofauti hakumfanyi awe huru.

#20 Nakato_Hesabu
Ndiyo maana mimi ningeanza na vitabu kabla ya ofisi. Maelekezo ya kwanza ya Ulaya, ya mwaka 1991, hayakulazimisha kuvunja mashirika ya reli. Yalilazimisha kutenganisha hesabu za njia na hesabu za treni. Shirika letu likitakiwa kujitoza lenyewe ada ya njia kwenye karatasi, na kuchapisha kiwango hicho, siku mwendeshaji wa nje atakapokuja tutajua kama anatozwa sawa na treni za shirika. Pasipo hesabu hizo, hata mdhibiti mwadilifu atakuwa anakisia.

#21 MwanafunziKyambogo
Kuna jambo jingine ambalo halijatajwa. Reli yetu mpya imepangwa kutumia umeme, wakati ile ya Kenya iliyofika Naivasha mwaka 2019 inaendeshwa kwa dizeli. Siku zitakapounganishwa, je, injini ya dizeli kutoka Kenya ikipita chini ya nyaya zetu bila kuzigusa, ichangie gharama ya nyaya? Uingereza hutoza ada ya uchakavu wa mitambo ya umeme kwa treni za umeme peke yake. Lakini tukifanya hivyo sisi, dizeli itakuwa na ada ndogo ya njia kuliko umeme, na tutakuwa tumewatia moyo watu kutotumia mitambo tuliyokopea.

#22 WakiliJinja
Swali zuri sana, na linaongeza lingine: mpaka. Treni moja ikivuka Malaba itakutana na wenye njia wawili, na kila mmoja akiongeza nyongeza yake bila kuangalia mwenzake, jumla inaweza kuua mzigo ambao kila ada peke yake isingeuua.

#23 KahawaMbale
Na tusisahau ziwa. Meli za Kaawa na Pamba zina reli juu ya sitaha, na mabehewa huvuka kwenda Mwanza yakiwa juu yake. Behewa likisubiri meli Port Bell, linachukua nafasi kwenye njia za bandari bila kusafiri hata kilomita moja. Kwa hesabu ya tani na kilomita halidaiwi chochote, ingawa linamzuia mwingine.

#24 FundiNjia
Kwa behewa lililosimama, reli za Afrika Mashariki zimekuwa zikihesabu siku. Mwenye behewa hulipwa kwa kila siku behewa lake liko kwenye njia ya mwingine, kwa hiyo kila upande huharakisha kulirudisha. Kwenye njia moja yenye vituo vichache vya kupishana, ningeongeza ada kwa anayehifadhi nafasi ya treni kisha haleti treni, maana nafasi hiyo imekwisha kupotea kwa wote.

#25 MpakaniMalaba
Mzee Fundi, nafasi ikipotea kwa sababu mwendo ulipunguzwa na njia mbovu, je, mwenye njia naye amlipe mwenye treni?

#26 FundiNjia
Ndiyo. Kwa kila dakika, na kwa kiwango kilichoandikwa kabla treni haijaondoka.

#27 DerevaNamanve
Hapo mwenye njia ataongeza fidia hizo katika ada ya mwaka unaofuata, na tutakuwa tumerudi kwenye swali la nani anakagua vitabu. Dada Nakato, ungeziweka wapi dakika hizo katika mfano wako?

#28 Nakato_Hesabu
Ningeziweka upande wa mwenye njia, na ningekataza kabisa zisiingie katika gharama anazoruhusiwa kurudisha. Nitaandika mfano mwingine wenye treni ya abiria ya Namanve ndani yake, kwa kuwa hiyo ni nyepesi, haichakazi sana njia, lakini hula nafasi nyingi asubuhi, na kwa kanuni ya tani ingelipa karibu na bure.